Sheria Isiyokuja na Askari

Leo nataka tuzungumze juu ya sheria: inavyosafiri, inavyopokewa, na inavyowaacha watu nje pale inaposhindwa kuwatambua. Nitaanzia mbali, Italia ya miaka 900 iliyopita, halafu nitarudi hapa petu, Mnarani, kando ya mlango wa bahari wa Kilifi. Nivumilieni katika safari hiyo, kwa sababu mwisho wake unagusa shamba unalolima, nyumba aliyoiacha marehemu baba, na mahakama utakayoiendea siku utakapodhulumiwa.

Mji wa kale wa Mnarani ulijengwa juu ya genge, ukiutazama mlango wa bahari. Msikiti wake mkubwa ni wa karne ya 15, na kibla chake kilipambwa kwa maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa mkono usiotetemeka. Pana kaburi la mnara, pana msikiti mdogo, pana kisima kirefu. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba pale katika miaka ya 1950, na leo magofu yanatunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mnarani na jirani zake wawili, Kioni na Kitoka, ndio waliokuwa Kilifi ya zamani. Sasa zingatieni jambo hili. Hakuna jeshi lililotoka Makka wala Baghdad likaupiga mji huu, ndipo watu wake wakaanza kuoana, kurithiana na kudaiana kwa sheria ya Kiislamu. Sheria hiyo ilishuka jahazini pamoja na wafanyabiashara na wanavyuoni. Wenyeji wakaiona inawafaa, wakaikalisha.

Mtu anaweza kudhani hiyo ni hadithi ya pwani yetu pekee. Kumbe falme nyingi za Ulaya katika Zama za Kati zilipata sheria kwa njia iyo hiyo, kutoka kwa dola ambayo kwao ilikwisha kufa na haikuwa na hata askari mmoja wa kuilinda.

Dola ya Roma ya magharibi ilianguka mwaka 476. Upande wa mashariki, huko Constantinople, ulibaki. Kaisari Justinian, aliyetawala tangu 527 hadi 565, aliamuru sheria za Warumi zikusanywe. Kazi akamkabidhi mwanasheria Tribonian na wenzake. Walisoma karibu vitabu 2,000 vya mafakihi wa kale wa Kirumi, wakachuja, wakapanga, na mwaka 533 wakatoa mkusanyo wa vitabu 50 unaoitwa Digesta. Pamoja nao kikatoka kitabu cha wanafunzi na mkusanyo wa amri za makaisari. Baada ya hapo, katika nchi za magharibi, Digesta ilitoweka machoni pa watu kwa karne kadhaa. Wafalme wa huko waliamua kesi kwa mila za makabila yao, kwa kiapo, na hata kwa moto. Mshitakiwa alishikishwa chuma kilichowashwa, mkono ukafungwa kitambaa, na baada ya siku tatu kidonda kikatazamwa. Kikipona vizuri, hana hatia. Wazee wa Kigiriama wanaokijua kiapo cha shoka la moto wataelewa mara moja watu wale walikuwa wakitafuta nini: neno la mwisho litokalo juu ya binadamu, mahali ambapo ushahidi umeshindwa.

Karibu na mwaka 1100, mwalimu mmoja aitwaye Irnerius alianza kusomesha vitabu vya Justinian katika mji wa Bologna. Nakala kuu ya Digesta, iliyoandikwa katika karne ya 6, ilikuwa Pisa, na mwaka 1406 ikachukuliwa Florence, iliko mpaka leo. Wanafunzi wakamiminika Bologna kutoka Ujerumani, Ufaransa, Hispania na Uingereza. Mwalimu alisoma matini neno kwa neno, akaeleza, na maelezo yake yakaandikwa pembezoni mwa ukurasa. Baadaye Accursius akayakusanya maelezo ya walimu wote yakawa kitabu kinachosimama pamoja na matini. Yeyote aliyewahi kukaa darsani Lamu au Malindi, akasoma matini na sharhi yake na maneno ya pembezoni juu ya sharhi hiyo, angeingia katika darasa la Bologna na kujua wapi pa kukaa.

Wanafunzi hao walirudi makwao wakawa makatibu wa wafalme, mahakimu na maaskofu. Hapo ndipo sheria ya Kirumi ilipopita. Frederick II alitoa sheria za ufalme wake wa Sicily mwaka 1231 zikiwa zimelowa fikra za Roma. Alfonso X wa Castile, katika karne hiyo hiyo ya 13, akasimamia kitabu kikubwa cha sehemu saba kiitwacho Siete Partidas. Kusini mwa Ufaransa sheria iliyoandikwa, ya Kirumi, ikatawala. Ujerumani, mwaka 1495, ikaanzishwa mahakama kuu ya dola yote, na wanasheria waliosomea sheria ya Kirumi wakapewa nafasi humo. Wafalme waliipenda sheria hii kwa sababu ilisema kwamba analolipenda mtawala lina nguvu ya sheria. Nani asiyependa kuambiwa hivyo?

Lakini vitabu vilevile vya Justinian vilikuwa na kifungu kingine, kidogo, kinachohusu mayatima wenye wasimamizi zaidi ya mmoja. Kifungu hicho kilitaka jambo linalowagusa wote likubaliwe na wote. Mafakihi wa Zama za Kati walikichukua kutoka katika mambo ya mayatima wakakipeleka katika mambo ya utawala. Mwaka 1295 Edward I wa Uingereza alipowaita maaskofu na makasisi waje bungeni, barua yake ya wito ilitaja kanuni hiyo. Ukumbukeni mwaka huo, 1295. Nitaurudia.

Sasa turudi pwani. Maelezo mazuri kabisa ya mahakama ya pwani yetu katika Zama za Kati aliyatoa msafiri Ibn Battuta, aliyepita hapa mwaka 1331. Yeye mwenyewe alikuwa msomi wa sheria wa madhehebu ya Malik, na baadaye akawa kadhi Delhi na Maldivi, kwa hiyo alipoitazama mahakama alijua anachokitazama. Huko Mogadishu alimkuta Sultani Abubakar bin Omar, na kadhi aitwaye Ibn al-Burhan, mtu wa asili ya Misri. Anasema kwamba siku ya baraza, baada ya sultani kula na watu na kuingia ndani, walibaki kadhi, mawaziri, katibu na maamiri wanne wakubwa ili waamue kesi. Jambo la sheria ya dini aliliamua kadhi. Mengineyo yaliamuliwa na wale mawaziri na maamiri. Likitokea linalohitaji kauli ya sultani, walimwandikia karatasi, naye akajibu hapo hapo nyuma ya karatasi ile ile.

Tazameni mpangilio huo. Kuna sheria ya kitabu, yenye mtaalamu wake. Kuna mila na siasa, zenye watu wake. Kuna rufaa kwa maandishi. Na kadhi ni mgeni! Miji ya Italia nayo, katika karne hizo hizo, iliajiri hakimu mkuu kutoka mji mwingine, ili asiwe na shemeji wala mjomba katika kesi. Sidhani kwamba miji ya pande hizi mbili za mbali iliigana. Pande zote mbili ziligundua kwamba sheria ya kitabu ina faida moja kubwa: anaweza kuiamua mtu asiyehusiana na yeyote kati ya wagombanao.

Faida hiyo ndiyo iliyoiweka sheria ya Kiislamu katika bandari zetu. Wafanyabiashara wa Aden, wa Hormuz na wa Gujarat walikutana Kilwa, Mombasa na Malindi. Kila mmoja na mila ya kwao. Mila ya mtu wa Malindi haimfungi mtu wa Hormuz. Lakini mkataba, rehani, amana, ushirika wa mtaji, haki ya yatima wa nahodha aliyefia baharini, hayo yote yalikuwa na milango yake katika vitabu vya fiqhi vilivyosomwa bandari zote hizo. Huko Mombasa Ibn Battuta aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafi, madhehebu ya Imamu Muhammad bin Idris aliyefariki Misri mwaka 820. Kitabu kilichokuja kutegemewa zaidi na makadhi wa pwani hii ni Minhaj cha Imamu Nawawi wa Shamu, aliyefariki mwaka 1277. Kilikuwa na uzito kiasi kwamba mwaka 1914 kilichapishwa London kwa Kiingereza, kikifasiriwa kutoka tafsiri ya Kifaransa, ili mahakimu wa kikoloni wajue watu wanaowahukumu wanafuata nini.

Hata hivyo mila haikufukuzwa. Ibn Battuta anaeleza desturi ya Mogadishu ambayo haimo katika kitabu chochote cha fiqhi: kila mfanyabiashara anayeteremka chomboni hukaa kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye humuuzia na kumnunulia. Atakayenunua kutoka kwa mgeni huyo kwa bei ya kumpunja, au atakayemuuzia mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo haikubaliki kwao. Hiyo ni sheria ya biashara kamili, ya wenyeji wenyewe, imesimama ubavuni mwa sheria ya kitabu.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi uko Lamu. Katika mirathi ya Kiislamu mtoto wa kike hupata nusu ya fungu la nduguye wa kiume. Na mila ya miji ya Waswahili wa kaskazini inataka binti aolewapo awe na nyumba yake, mume amfuate. Wazee hawakugombana na kitabu. Walitafuta mlango ndani ya kitabu chenyewe: baba akiwa hai anaweza kutoa hiba, anaweza kuweka wakfu. Alichokwisha kukitoa akiwa mzima hakiingii katika mirathi. Basi nyumba za mawe zikapita kwa mabinti kizazi baada ya kizazi, na sheria haikuvunjwa hata chembe. Watu walioletewa sheria kwa upanga hawaijui kiasi cha kuweza kuitumia hivyo. Huo ni ustadi wa watu waliosoma kitabu kwa hiari yao mpaka kikawa chao.

Je, sheria ya Kirumi yenyewe iliwahi kufika hapa? Ilifika. Ilikuja na Wareno. Mfalme Manuel I, yule aliyemtuma Vasco da Gama aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, ndiye aliyetoa majalada ya sheria za Ureno yanayoitwa kwa jina lake, kati ya 1512 na 1521. Majalada hayo yalisema wazi kwamba sheria ya Ureno ikikosa jibu, hakimu aangalie sheria ya Kanisa na sheria ya Kirumi, kisha maelezo ya Accursius wa Bologna na rai za mwanasheria Bartolus. Kwa hiyo yule mwalimu wa Bologna alikuwa na kauli, kwa karatasi, mpaka Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593.

Lakini kauli hiyo ilifika kwa namna gani? Sultani Hassan bin Ahmad, wa ukoo uliohamishwa kutoka Malindi kwenda kutawala Mombasa, aligombana na kapteni wa Ngome, akakimbilia bara, akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo, akalelewa na mapadri wa Augustino, kisha akarudishwa kuwa mfalme. Habari zilizotufikia zinasema alionekana akiomba dua kwa desturi ya Kiislamu penye kaburi la baba yake. Kwa sheria ya Wareno huko kulikuwa kuritadi, na kosa hilo lilikuwa na mahakama yake ya kuchunguza imani huko Goa tangu 1560. Kapteni alikusudia kumkamata ampeleke. Yusuf akatangulia. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni, kapteni Pedro Leitão de Gamboa akauawa, na Wareno wengi wa mjini wakauawa pamoja naye.

Lililofuata ndilo linalonihuzunisha nikilisoma kwa jicho la sheria. Huko Goa likafunguliwa jalada la ushahidi. Mashahidi wakaapishwa mmoja mmoja, wakaulizwa maswali yaliyopangwa, majibu yakaandikwa na karani, kwa utaratibu ule ule ambao Kanisa liliurithi kutoka Roma. Lengo lilikuwa kuthibitisha kwamba Wakristo waliouawa walikuwa mashahidi wa dini. Jalada hilo limebaki na limekwisha chapishwa. Ni mojawapo ya maandishi bora tuliyo nayo juu ya Mombasa ya wakati huo. Na katika ukamilifu wake wote, halikufunguliwa kumpa Yusuf haki juu ya damu ya baba yake. Mwanzoni mwa karne hiyo hiyo ya 17 Mnarani ukahamwa. Mwaka 1698 Ngome ikatekwa na Waomani. Wareno wakaondoka na majalada yao, na katika ndoa, mirathi na mikataba ya pwani hii hakuna kifungu kimoja cha Manuel I kilichobaki.

Ninavyoona mimi, hapo pana somo la historia lililo wazi. Justinian hakuwa na askari Castile, na Castile ikaifuata sheria yake. Nawawi hakuwa na askari Mombasa, na Mombasa ikamfuata. Ureno ilikuwa na mizinga na ngome ya mawe, na sheria yake ikaondoka na merikebu.

Waingereza ni habari nyingine, na ni ndefu. Wao kwao walikuwa wagumu mbele ya sheria ya Kirumi. Vacarius aliifundisha Uingereza katika karne ya 12, na kitabu kikubwa kinachoitwa cha Bracton kiliazima mengi kutoka kwa Azo wa Bologna, lakini mahakama za mfalme zilikuwa zimekwisha kujijengea njia zao, na wanasheria wao wakafunzwa London katika nyumba zao wenyewe. Kwa hiyo Waingereza walijua vizuri sana, tena kwa karne nyingi, maana ya watu kushikilia sheria yao.

Tarehe 14 Desemba 1895, Sultani Hamed bin Thuwaini wa Unguja na Arthur Hardinge wa Uingereza walitia saini mkataba wa kuitawala Mwambao, ule mkanda wa maili kumi. Sultani abaki na bendera na malipo ya kila mwaka, Waingereza watawale. Ule mwaka niliowaomba muukumbuke ni 1295. Miaka 600 kamili ilikuwa imepita tangu mfalme wao aandike kwamba linalowagusa wote likubaliwe na wote. Na mkataba huu uliomgusa kila mtu kutoka Vanga mpaka Kipini haukupelekwa mbele ya baraza lolote la Malindi, la Takaungu wala la Kaya. Mwaka huo huo, hapo Takaungu, jirani ya Mnarani, liwali Salim bin Hamis alipofariki, Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiendesha pwani wakati huo ilimweka mwanawe Rashid, ingawa Mubarak bin Rashid alikuwa mkubwa kwa umri na wengi waliona haki ni yake. Vita vikazuka, vikaenea pwani yote.

Kisha ikaja sheria. Waingereza waliahidi kwamba makadhi wataendelea, na waliendelea, chini ya mahakama za kikoloni. Jinai, mikataba na ushahidi vikaamuliwa kwa majalada ya sheria za India. Na mpaka leo, wasikilizaji, Sheria ya Mahakama ya Kenya ya mwaka 1967 inasema kwamba pale sheria zetu zisipokuwa na jibu, zitatumika kanuni za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya nchi inavyoruhusu. Tarehe moja, ya siku moja ya karne nyingine, inatuamulia kesi.

Mnaona tofauti? Huko Castile na Ujerumani sheria ya nje ilipokewa polepole, kwa karne tatu au nne, ikipimwa na mila kila hatua. Hapa ilipokewa kwa tarehe.

Na jeraha kubwa likawa katika ardhi. Mwaka 1908 ilitoka sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Mwambao. Kila mwenye madai alitakiwa aende kwa msajili, alete ushahidi, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa na mtu ikawa ya Taji la Uingereza. Msajili alijua kusoma hati ya kadhi yenye jina la mtu, mpaka na mashahidi. Kwa hiyo wenye mashamba wenye karatasi, Waarabu, Waswahili na Wahindi, wengi wao waliandikishwa. Ukoo wa Mazrui ulipata ardhi kubwa katika sehemu za Takaungu, ikawekewa amana yake kwa sheria ya 1914. Lakini Mgiriama, Mchonyi, Mkauma, ambaye ardhi yake ni ya mbari, anayeijua kwa kaburi la babu na kwa neno la wazee wa baraza la kambi, alikwenda na karatasi gani? Wengi hawakwenda kabisa. Watoto wao wakaamka wakiitwa maskwota mahali walipozaliwa.

Nawapa mfano wa jinsi mila yetu ilivyo na akili ambayo sheria ya hati haikuiona. Warumi walishika kanuni kwamba kilichojengwa au kupandwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Waingereza nao walishika hivyo. Pwani yetu inajua kinyume: ardhi inaweza kuwa ya huyu, nyumba ikawa ya yule, na minazi ya mtu wa tatu. Mombasa na Malindi watu wamejenga, wameuza na wamerithi nyumba bila ardhi kwa vizazi, wakimlipa mwenye kiwanja kodi yake. Mnazi una mwenyewe. Ni mpangilio unaompa asiye na ardhi kitu cha kuwaachia wanawe. Mbele ya hakimu aliyefunzwa kwamba jengo huifuata ardhi, mpangilio huo huponea chupuchupu, na mara nyingine hauponi.

Na katika jambo jingine Warumi walikuwa wapole kuliko sisi. Kwao, tangu sheria zao za kale za meza 12, aliyeishika ardhi kwa miaka 2 kwa njia halali aliweza kuwa mwenyewe. Justinian alirefusha muda, miaka 10 ikiwa mwenye madai anaishi jimbo hilo hilo, 20 ikiwa yuko mbali. Walitaka ardhi iwe na mwenyewe anayeitumia na kesi zifike mwisho. Kenya muda ni miaka 12. Ukikaa katika ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, wazi, bila ruhusa yake, unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Malindi iko, ukaomba uandikwe wewe. Kesi za namna hiyo zinasikilizwa pwani hii. Ila sheria hiyo hiyo inasema muda haupiti dhidi ya ardhi ya serikali. Na ardhi ya serikali hapa pwani ilitoka wapi? Nyingi yake ni ile ambayo mwaka 1908 haikudaiwa. Familia ya vizazi vitatu katika shamba la mwenye hati asiyeonekana ina mlango. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara, mwenye historia ile ile, hana. Sioni haki katika jambo hilo, na nitalisema kila nitakapopewa nafasi ya kusema.

Mahakama za kadhi zimesalimika kuliko ardhi. Mnamo Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua, na humo Kenyatta akaahidi kwamba mahakama za kadhi zitahifadhiwa. Sheria yake ikapitishwa 1967. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inazitambua kwa ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kupelekwa huko. Sharti hilo la kukubali lina uzito wake. Sheria iliyoanza kwa hiari karne nyingi zilizopita imeandikwa kwa hiari katika Katiba. Ni kweli mamlaka yake ni madogo kuliko yale aliyoyaona Ibn Battuta. Na wakfu umeumia: mwanzoni mwa miaka ya 1950 baraza la rufaa la London lilibatilisha wakfu wa familia kutoka Kenya kwa kufuata hukumu ya India ya 1894, ingawa mafakihi wa Shafi walikuwa wameuruhusu wakfu kama huo tangu kale. Lakini kadhi yupo, kitabu kipo, na mjane wa Kilifi anajua pa kwenda.

Kwa nini sheria ya kadhi ilisalimika, na sheria ya mbari ikazama? Jibu langu ni kwamba moja ilikuwa imeandikwa na nyingine haikuwa imeandikwa. Hilo linanirudisha Ufaransa. Kaskazini mwa nchi ile watu hawakuwa wakifuata sheria ya Kirumi. Walifuata mila, kila wilaya na yake. Wanasheria waliosomea vitabu wangeweza kuzimeza mila zile zote. Mwaka 1454 Mfalme Charles VII aliamuru ziandikwe. Kazi ilikwenda kwa kusuasua, lakini maofisa walifika, wakawakusanya watu wa kila tabaka, wakauliza: hapa kwenu mtu akifa nani hurithi, mjane hupata nini, malisho baada ya mavuno ni ya nani? Mila ya Paris ikaandikwa mwaka 1510.

Sisi tunayo sasa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Inairuhusu jamii ijisajili, iitishe mkutano wake, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, na ijiwekee kanuni za kusimamia ardhi yake. Mnaonisikiliza kutoka Ganze, Bamba na Magarini, ambako bado ipo ardhi isiyoandikwa kwa jina la mtu, msingoje afisa aje na maswali. Wekeni mkutano na wazee wangali na kumbukumbu. Andikeni mpaka unapita wapi na nani alishuhudia ukiwekwa, mbari gani ilizika wapi, minazi na miembe ni ya nani, njia ya kwenda maji ni ya nani, mwanamke aliyerudi kwao hupewa nini. Andikeni kwa Kigiriama au kwa Kiswahili, mtie sahihi, mpeleke nakala kwa msajili na nyingine mbaki nayo. Mila zile za wakulima wa Ufaransa, zilipokwisha kuandikwa, mahakimu walizifuata mpaka Napoleon alipotoa kanuni yake mwaka 1804.